Mama Aliyemsajili Binti Yake: Hoja Kuhusu Restless ya William Boyd

Riwaya ya William Boyd iitwayo Restless, iliyotoka mwaka 2006 na kutwaa Tuzo ya Costa upande wa riwaya, ina hadithi mbili zinazopokezana sura kwa sura. Moja ni ya Eva Delectorskaya, Mrusi aliyehamia Paris, anayeingizwa katika ujasusi wa Uingereza mwaka 1939 na mtu aitwaye Lucas Romer. Nyingine ni ya Ruth Gilmartin, anayemlea mwanawe peke yake na kufundisha wageni Kiingereza mjini Oxford katika kiangazi kikali cha 1976. Mama yake, Sally, anamkabidhi mswada, na humo Ruth anagundua kwamba Sally ndiye Eva. Wasomaji wengi huipenda hadithi ya kwanza na kuivumilia ya pili, kama mtu anavyoyavumilia matangazo yanayokatiza mpira. Makala haya yanadai kinyume: raha ya riwaya hii inazalishwa katika nusu ile inayodharauliwa, na bila Ruth tungebaki na kisa cha vita kilichoandikwa vizuri, basi.

Hata hivyo, kisa chenyewe hakina unyonge. Boyd amekijenga juu ya historia ambayo wasomaji wachache waliijua. Mwaka 1940 Uingereza ilifungua ofisi ya kijasusi mjini New York chini ya Mkanada William Stephenson, katika majengo ya Rockefeller Center. Kazi yake kubwa ilikuwa kuivuta Marekani vitani, na silaha yake ilikuwa habari: nyingine za kweli, nyingine zilizopikwa. Tarehe 27 Oktoba 1941 Rais Roosevelt aliwatangazia Wamarekani kwamba anayo ramani ya siri ya Wajerumani inayoigawa upya Amerika ya Kusini. Ramani hiyo ilipitia mikononi mwa watu wa Stephenson, na wanahistoria wengi wanaamini ilikuwa ya kughushi. Boyd anachukua ramani ya namna hiyo na kumtuma Eva aipeleke New Mexico, ambako safari inageuka mtego na Eva ananusurika kuuawa. Hapo ndipo anapoanza kushuku kwamba aliyemsaliti ni mtu wa upande wake.

Lakini ni nani anayetusimulia haya, na kwa nini? Hapa ndipo ufundi wa Boyd unapostahili kuchunguzwa. Ruth anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Mama yake, akiandika maisha yake mwenyewe, anatumia nafsi ya tatu: Eva alifanya hivi, Eva aliogopa vile. Anajisimulia kama anayeandika taarifa kuhusu wakala wa mtu mwingine. Tena hautoi mswada wote kwa pamoja. Anautoa kwa mafungu, na kila fungu linamwacha binti akitaka jingine. Tunadhani tunasoma ungamo la mzazi anayetua mzigo. Kumbe mama ana shughuli. Anamtaka Romer, anayemshuku kuwa ndiye msaliti, ambaye sasa ni bwana mkubwa mwenye cheo cha ulodi, na anamhitaji Ruth amfikie. Romer alimsajili Eva kwa kuutumia msiba wa Kolia, ndugu wa Eva. Eva naye anamsajili Ruth kwa kuutumia upendo wa mtoto kwa mama. Njia ni ileile, ila safari hii wakala mpya ni damu yake.

Ukilitambua hilo, sura za Oxford hazipoozi tena. Kwa Ruth ujuzi wa mama unageuka ugonjwa wa kuambukiza. Anaanza kuwapima upya watu wake wa kila siku: shemeji wa Kijerumani aliyejikaribisha nyumbani kwake na huenda anajuana na wapiganaji wa mrengo wa kushoto, mwanafunzi wa Kiirani anayempenda katika miaka ambayo polisi wa siri wa Shah wana macho kila mahali. Hakuna linalothibitika sana, na wakosoaji huliona hilo kuwa udhaifu. Nadhani wanakosea. Jasusi halisi huishi hivyo, katikati ya dalili zisizotimia, na msomaji anaonjeshwa maisha hayo bila kuhama sebuleni.

Riwaya yetu ya Kiswahili ya kijasusi haikuelekea huko. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, anapigania ukombozi wa Afrika bila mtoto wa kumwuliza alikuwa wapi. Siri zake ni za serikali tu. John le Carré, katika A Perfect Spy ya 1986, aliliendea suala kwa mlango mwingine: Magnus Pym, aliyelelewa na baba tapeli, anajificha na kumwandikia mwanawe Tom barua ndefu. Kwa ukali wa maumivu le Carré anamzidi Boyd. Lakini Tom hatumwoni akisoma, ndiyo maana A Perfect Spy inasifiwa zaidi ya inavyofurahiwa.

Lipo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu, nalo limetoka mahakamani. Juni 27, 2010, siku kijana aitwaye Timothy alipotimiza miaka 20, maofisa wa FBI waliingia nyumbani kwao huko Cambridge, Massachusetts. Yeye na mdogo wake Alexander, wa miaka 16, walikuja kujua kwamba wazazi wao, waliojiita Donald Heathfield na Tracey Foley, ni majasusi wa Urusi. Wote wawili walizaliwa Toronto, na Kanada ikaamua kwamba si raia wake. Alexander alipigania haki yake hadi Mahakama ya Juu ya Kanada ikampa ushindi Desemba 2019. Siri ya mzazi ilimnyang'anya mtoto jina na pasipoti.

Ruth hanyang'anywi chochote cha aina hiyo. Boyd ameiweka dola mbali na mlango wake: hakuna ofisa anayekuja kuuliza Ruth ni nani, ingawa jina la mama yake limejengwa juu ya vitambulisho vya bandia. Raha tunayoipata imenunuliwa kwa ukimya huo. Simlaumu Boyd kwa bei aliyolipa, lakini anayeisifu Restless kwa kuonyesha gharama ya siri za mzazi anaisifia jambo ambalo riwaya yenyewe imelikwepa kwa makusudi.