William Irwin
William Irwin (amezaliwa 1970) ni mwanafalsafa wa Marekani na profesa katika King's College, Wilkes-Barre, jimbo la Pennsylvania, anayejulikana kwa kufafanua falsafa kupitia filamu, televisheni na muziki. Mwaka 1999 alihariri *Seinfeld and Philosophy*, kitabu cha insha kuhusu tamthilia ya vichekesho ya televisheni iitwayo *Seinfeld*. Kilifuatiwa na *The Simpsons and Philosophy* (2001) na *The Matrix and Philosophy* (2002), vyote vikichapishwa na Open Court. Baadaye Irwin akawa mhariri mkuu wa mfululizo wa vitabu vya aina hiyo katika kampuni ya Blackwell.

Vitabu hivyo ni mikusanyo ya insha fupi, nyingi zikiandikwa na wahadhiri wa falsafa kwa ajili ya wasomaji wasio wataalamu. Insha moja humpima Homer Simpson, mhusika wa katuni ya televisheni *The Simpsons*, kwa maadili ya Aristotle. Nyingine hulinganisha ulimwengu bandia wa filamu ya *The Matrix* na mfano wa pango wa Plato na shaka ya Descartes kuhusu uhalisia. Watetezi huona njia hii inawavuta wanafunzi wapya. Wakosoaji husema hurahisisha mno hoja za wanafalsafa.