Padri Lemaître na Mpaka wa Ushahidi

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri Mkatoliki na mwanafizikia wa Ubelgiji, aliandika kwamba ulimwengu unapanuka. Einstein aliikubali hisabati yake, lakini akaikataa fizikia yake. Hoja ya Lemaître ilisimama juu ya vipimo vya wanafalaki, si juu ya Maandiko. Mwaka 1931 alipendekeza kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja ya awali.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka kwa watu wa nyumba yake. Novemba 1951 Papa Pius XII alitangaza kwamba sayansi ya kisasa inaushuhudia uumbaji. Padri mwingine angeshangilia, Lemaître hakuridhika. Kwake, nadharia ile ilikuwa nje ya swali la kidini: haikumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Alishauriana na mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Vatikani. Mwaka 1952, Papa alipowahutubia wanafalaki, hakulirudia dai lile.

Mjadala wa wazi, basi, haumtaki mtu avue kanzu wala atupe darubini. Unamtaka awe na ujasiri wa kumwambia hata mkubwa wake, kwa heshima: ushahidi huu haufiki huko.