Nguzo za Kilwa na Kilio cha Washairi

Sisi watunzi tuna mazoea mamoja tufikapo penye magofu: tunalia. Tangu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoitunga Inkishafi akiitazama Pate iliyoanguka, kila ukuta uliobomoka katika pwani yetu umekuwa kwetu mawaidha juu ya dunia na ghururi yake. Nami sikuwa mbali na kundi hilo siku nilipovuka kwenda Kilwa Kisiwani. Daftari lilikuwa mkobani na, niseme kweli, vina vya beti mbili tatu nilikwisha kuvipanga kabla mashua haijang'oa nanga.

Mtu havuki hivi hivi. Hukata kibali kwanza pale Kilwa Masoko, kisha hupewa kiongozi. Wetu alikuwa kijana mzaliwa wa kisiwani, akatuamkia kwa adabu, akaniita "mwalimu" bila ya kuniuliza kazi yangu. Mlango wa bahari pale si mpana, na jengo la mwanzo kumkabili mgeni atokaye majini ni Gereza.

Hapo mpenzi wa lugha hana budi kutua. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliutwaa mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Kuta tuzionazo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye sana. Lakini jina limetoka katika neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Basi ngome ya Waislamu, katika mji wa Waislamu, imebeba jina la kanisa, na jina hilo hilo katika Kiswahili cha leo ni mahali pa wafungwa. Upande wa mashariki kuna Husuni Kubwa, na husuni ni hisn ya Kiarabu, ngome. Ilhali jengo lenyewe halikuwa ngome bali kasri, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane. Waliolipa jina yamkini walizikuta kuta nene juu ya jabali, wakaona ngome. Hawakukosea macho, walikosea historia tu.

Tukapanda hadi Msikiti Mkuu. Nilikuwa tayari kwa huzuni yangu.

"Mwalimu, usisimame hapo," kijana akasema. "Njoo huku nyuma kwanza."

Huku nyuma ni upande wa kaskazini, ndiko kwenye sehemu kongwe, ya karne ya 11 au 12. Ni ukumbi mdogo kwa kulinganisha, ambao paa lake lilikuwa bapa, limelazwa juu ya boriti. Kijana akanyoosha mikono kutoka ukuta hadi ukuta, akaniuliza kwa nini nyumba za mawe za pwani zina vyumba vyembamba. Nikajibu kwa elimu yangu ya vitabuni: desturi, faragha, joto. Akacheka. "Boriti," akasema. Mti wa mkoko ulionyooka hautoi boriti ndefu kupita mita tatu au karibu na hapo, basi chumba nacho hakiwezi kupanuka zaidi ya mti wake. Ukitaka nafasi, utarefusha chumba au utasimamisha nguzo. Nilikumbuka mizani zetu: nani aliyepima mshororo wa kwanza, na alipimia nini? Sikumwambia, ila niliandika.

Sehemu ya kusini ni kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, nayo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye huyo huyo mwenye Husuni Kubwa. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita mikononi mwa Kilwa, na fedha ilikuwapo. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamsifu sultani huyo kwa ukarimu na kumtaja kwa lakabu yake ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Hapa mafundi waliiacha boriti, wakapandisha matao na kuba. Tumbawe likikatwa likiwa bichi kutoka baharini huchongeka kwa wepesi, kisha hewani hukauka na kuwa gumu. Tumbawe lililochomwa huwa chokaa. Jiwe na kiunganishi chake vyote vimetoka katika bahari ile ile.

Na jambo lililonivunjia beti zangu ni hili: jengo hilo la fahari liliporomoka. Halikuporomoshwa na Wareno wala na maadui wengine, wala halikungoja dola ianguke. Liliporomoka Kilwa ingali Kilwa, na tarehe ya kale ya mji yasimulia kuwa watu walisali chini ya vivuli vya muda kwa miaka mingi. Kisha, katika karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, wakalisimamisha tena. Nguzo zenye pembe nane tunazozishika leo ni za ujenzi huo wa pili.

Nilikaa kitako juu ya kizingiti. Kumbe nilikuja kulia penye anguko, na pale pale palikuwa na watu walioangukiwa na paa wakachanganya chokaa upya! Ushairi wetu una msamiati mpana wa kuporomoka. Wa kujenga ni mchache mno, na sehemu yake imebaki kwa mafundi peke yao. Nadhani hii ni hasara, na si ya magofu.

Maana hata magofu haya yamejengwa tena katika umri wetu. UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kuta kukarabatiwa. Mawimbi hayajasoma orodha hiyo, bado yanaila pwani.

Alasiri tulikuwa tuende Kilwa Kivinje, mji wa misafara ya karne ya 19, ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mahali pale watu walipaita Mwembe Kinyonga, maneno mawili yaliyotosha. Hatukuwahi. Nilikuwa nimerudi ndani ya msikiti kuuliza majina, nami nikaandika "mihrabu" chini ya mchoro wangu. Kijana akachungulia daftari.

"Sisi hapa twasema kibla, mwalimu."

Nikafuta. Nikaonyesha kilichofuata, kishimo cha mraba ukutani. "Kidaka." Na kile cha juu ya nguzo? Alifikiri kidogo, akasema babu yake alikuwa na neno lake, atamwuliza shangazi. Kutoka ufukweni nahodha akaita: maji yalikuwa yakipwa, na mashua haitangoja.