Kuhoji kaya kuhusu afya ni kazi ya subira

KARANI wa utafiti akibisha hodi asubuhi katika boma moja viungani mwa Kapkatet, Kaunti ya Kericho, huenda asimpate mtu wa kumjibu. Kina mama wamo shambani wakichuma majanichai. Aliyefunzwa barabara hurudi jioni, majani yakishapimwa kituoni. Hahamii boma jirani, maana kaya huteuliwa mapema na haibadilishwi.

Katika Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka 2022, Shirika la Takwimu nchini (KNBS) liliteua kaya 42,300. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu zaidi ya kaya milioni 12. Hivyo kila kaya iliyoteuliwa iliwakilisha wastani wa nyingine zaidi ya 280, na jibu moja la uongo halikuwa dogo.

Baada ya salamu, karani hueleza anachotafuta, kwamba majibu ni siri, na kwamba mhojiwa ana hiari ya kukataa. Kisha huomba faragha, jambo gumu palipo na mama mkwe na majirani wadadisi. Maswali ya dhuluma za nyumbani huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya. Mtu akitokea, hukatizwa papo hapo.

Swali husomwa lilivyoandikwa. “Mtoto hajaharisha, sivyo?” ni swali lililokwisha kujijibu. Lifaalo ni: “Je, mtoto ameharisha katika wiki mbili zilizopita?” Kisha karani anyamaze, hata kimya kikirefuka. Mhojiwa asiyeelewa Kiswahili husomewa tafsiri iliyoandaliwa. Karani hatungi yake mlangoni.

Tarehe za kuzaliwa ndizo hutoa jasho. Kadi ya kliniki ikikosekana, karani hutumia tukio linalokumbukwa. Wakati wa mahojiano ya utafiti huo wa 2022, mtoto aliyezaliwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2017 alikuwa bado hajatimiza miaka mitano.

Mpaka huo una kishawishi chake. Mtoto wa chini ya miaka mitano huongeza maswali ya homa, kuharisha na lishe, na karani aliyechoka aweza kumwandika kuwa ana miaka sita ili amalize upesi. Sisi wa meza ya habari hupokea asilimia tupu, bila kuuona uchovu huo. Msimamizi makini huugundua: katika majedwali ya karani huyo, watoto wa miaka minne hupungua ghafla, nao wa mitano na sita wakafurika.