Injini Iliyokwenda Maili Nyingi
(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: injini, gasketi, ringi, mkanda, kipuri. Wanafunzi na wayasome kwa sauti. Mkiisha kuyasoma, kaeni msikilize.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua watu wengi wa Mbulu na Hanang wenye gari, au walioshirikiana kununua gari moja. Gari limekwenda mbali sana, lakini bado linatembea. Je, tulipeleke kwa fundi sasa, nalo halijaharibika? Au tungoje mpaka liharibike? Swali hili si jipya. Na tutazame waliotutangulia walilijibu namna gani.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Atokaye Magugu kwenda Mbulu kwa njia ya Magara huanza chini katika Bonde la Ufa, upande wa Ziwa Manyara. Kisha hupanda ukingo wa bonde, kona baada ya kona, mpaka afike juu penye baridi. Katika mlima kama huo dereva hutumia gia ndogo. Injini huzunguka upesi, lakini gari huenda polepole, na upepo wa kupoza rejeta huwa haba. Basi injini hupata moto. Ikiwa ina udhaifu, hapo ndipo utakapoonekana. Ndiyo maana maili moja ya mlimani si sawa na maili moja ya tambarare.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya motokaa ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baadaye yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 njia yake ilipita Mbulu pia, na madereva walikiogopa kipande hicho kwa mlima wake na matope yake. Mashindano hayo yalikuwa magumu mno. Mwaka 1963 magari 84 yalianza. Yaliyofika mwisho ni 7 tu.

Sasa sikilizeni habari za Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Wakati wa Pasaka ya 1965 aliingia katika Safari pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kukimbia katika Safari ya 1964 mikononi mwa timu ya kiwanda. Joginder alilitengeneza mwenyewe kabla ya mashindano. Gari hilo kuukuu likashinda, likamwacha wa pili kwa saa 1 na dakika 40. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976.

Tunajifunza nini? Si kwamba gari kuukuu ni bora kuliko jipya. Tunajifunza kwamba umri wa gari peke yake hausemi yote. Kazi ya fundi ilifanywa kabla ya safari, gari likiwa chini ya paa, wala si njiani katika matope.

Walakini zilikuja siku ambazo hata mwenye busara hakuweza kufanya hivyo. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Kati ya hapo, mwaka 1978 na 1979, Tanzania ilipigana vita na Idi Amin wa Uganda. Fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikawa haba pamoja nazo. Katika miaka hiyo, kufungua injini bila kuwa na gasketi mkononi kulikuwa kuliacha gari juu ya mawe. Watu waliendesha mpaka gari likafa, si kwa uzembe, bali kwa kukosa njia nyingine. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje, na vipuri vikaanza kuonekana tena madukani.

Hivyo desturi ya kungoja gari life ilizaliwa na shida. Siku hizi shida hiyo imepungua, lakini desturi bado inaishi. Na magari mengi tununuayo yametumika kwanza Japani, tena saa ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma na mtu asiye mwaminifu.

Basi tuamue namna gani? Tugawe kazi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vyenye umri wa kuhesabiwa: oili, chujio lake, na mkanda wa taimingi kwa injini zenye mkanda. Katika injini nyingi za Kijapani mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mkanda hautoi taarifa. Ukikatika, katika injini nyingine pistoni hugonga vali, na injini huharibika mara moja. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe.

Fungu la pili ni vitu vya kupimwa: ringi, vali na gasketi. Injini ikila oili na kutoa moshi wa buluu, mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Maji yakipungua bila kuvuja nje, atazame gasketi.

Fungu la tatu ni kuiacha injini ilivyo. Ikiwa vipimo ni vizuri na oili haipungui, usiifungue kwa sababu ya hofu tu. Na ikibidi kuifungua, nunua vipuri kwanza.

Kazi hii yote inahitaji kitu kimoja ambacho ninyi mnacho sasa: kujua kusoma na kuandika. Chukueni daftari. Andikeni tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa na kipuri kilichobadilishwa. Asiye na daftari humwuliza fundi, "Gari langu lina nini?" Mwenye daftari humwambia fundi, "Mwezi huu limekula lita mbili." Huyo si rahisi kudanganywa.

Wala hili si jambo la fedha peke yake. Hospitali ya Haydom imehudumia wagonjwa tangu mwaka 1955, na wengi hufika huko kutoka mbali kwa magari ya watu. Injini ikifa njiani usiku, mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja kipuri kitoke Arusha. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuna ufa ambao ukiuacha, hata nafasi ya kujenga ukuta huipati.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maili ya mlimani si sawa na maili ya tambarare?
2. Kwa nini vipuri vilikuwa haba baada ya mwaka 1973?
3. Chora daftari la gari lenye safu nne, kisha jaza mstari mmoja.

Kwaherini mpaka somo lijalo.