Nani Ashike Mizani? Waingereza, Wasukuma na Pamba ya Ziwa

Sisi watunzi wa mashairi tuna mazoea ya kulitamka neno mizani bila kukumbuka lilikotoka. Tukilitaja, tunawaza silabi 16 za mshororo, 8 na 8, na aibu ya mtunzi aliyepunguza au aliyezidisha. Huku kwetu Magu, katika ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, mkulima akilisikia neno hilo huwaza chuma kilichoning'inizwa kwenye boriti ya ghala, gunia la pamba likiwa limetundikwa chini yake, na karani mwenye kalamu sikioni. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi chuma kile kilivyotufunulia habari za Waingereza, serikali yao na jamii yao. Mwingereza tuliyemjua hapa alikuwa na nyuso mbili, na wengi wetu tumebaki na kumbukumbu ya uso mmoja tu.

Uso wa kwanza ulikuja na majina. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika Mwanza akitokea Tabora, akayatazama maji yaliyokuwa na majina yao tangu zamani, akayapa jina la malkia wake. Ghuba tunayovulia samaki na kuogea sisi wa Magu inaitwa kwa jina lake yeye mwenyewe hadi leo. Miaka 17 baadaye, Februari 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji cha ufuko huu huu, na mashua yake Lady Alice ikiwa imekatwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Alipoirudisha kutoka safari ya kulizunguka ziwa alikuta mwenzake Frederick Barker, kijana aliyewahi kuwa karani wa hoteli huko London, amekwisha kufa na kuzikwa pale pale Kageye.

Lakini Stanley hakukuta pori tupu. Alimkuta Songoro, mfanyabiashara aliyetoka pwani, amekwisha jenga na kufanya maskani. Jambo hili lawahusu wasomaji wa visiwani na mwambao, kwani maana yake ni kwamba lugha yenu ilitangulia kufika ziwani. Waingereza walipoitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na hatimaye kupewa dhamana ya Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, serikali yao ilitufikia ikiwa imevaa kanzu ya Kiswahili. Tuliletewa baraza, ambalo kwenu ni kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa watu kukaa sawa kwa sawa, kunywa kahawa na kubishana. Kwetu likawa mkusanyiko wa kusimama juani kumsikiliza Bwana Shauri, yaani Mkuu wa Wilaya. Tuliletewa diwani, neno ambalo kwenu lilikuwa cheo cha watawala wa zamani, na ambalo kwa mshairi ni kitabu cha mashairi yake. Kwetu likawa jina la mjumbe anayeketi katika halmashauri. Neno linaweza kusafiri salama na maana yake ikafa njiani. Mimi niliyejifunza kufasiri peke yangu, kwa kamusi moja iliyochakaa, nimelijua hilo kwa kuungua.

Mfano mkubwa wa maana iliyofia njiani ni mtemi. Mwaka 1925 alikuja Gavana Donald Cameron, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria kwa miaka mingi chini ya mafundisho ya Lugard. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya serikali za wenyeji. Fikra yake ilikuwa kwamba wenyeji watawaliwe kupitia watawala wao wa jadi, na fikra hiyo ilionekana ya heshima kuliko ile ya Wajerumani waliotuletea maakida. Wakamtafuta mtemi, wakampata, wakamwita chifu, wakampa mshahara, mahakama na kazi ya kukusanya kodi.

Lakini mtemi wa Kisukuma hakuwa mtu wa kusimama peke yake. Walimchagua banang'oma, wazee wa ngoma ya utawala, na katika sehemu nyingi hakuwa mtoto wa mtemi aliyetangulia bali mtoto wa dada yake. Mvua ikikatika, au akivunja miiko, wazee wale wale waliweza kumwondoa. Vijana nao walikuwa na kiongozi wao waliyemchagua wenyewe, na kazi za kijiji hazikwenda bila yeye. Serikali ya Kiingereza ilikitwaa cheo, ikayaacha masharti yake. Tangu hapo mtemi aliogopa barua ya Bwana Shauri kuliko kauli ya banang'oma. Wala serikali haiwezi kusema haikujua. Hans Cory, mtaalamu wake wa mambo ya jamii, aliyaandika mengi ya haya katika vitabu vyake vya miaka ya 1950.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watemi zaidi ya 50 waliunganishwa katika Shirikisho la Usukuma, na makao yake yakawekwa Malya. Mwaka 1947 ukaanza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na pamoja nao amri nyingi: lima matuta ya namna hii, punguza ng'ombe, hamia kule, ukikaidi utatozwa faini. Haki itendeke hata kwa mtawala: baadhi ya amri hizo zilikuwa na faida kwa udongo. Ila hakuna aliyewauliza wenye udongo, na ng'ombe kwa Msukuma ni mahari, ni akiba na ni jina la ukoo. Watemi ndio waliotumwa kuzitangaza amri hizo, na chuki yake ikawaangukia wao.

Sasa nije kwenye chuma changu. Pamba ndiyo iliyolipa kodi ya kichwa, sare za shule na bati la nyumba. Mkulima aliibeba hadi kwenye kituo cha mnunuzi, ikatundikwa, karani akasoma namba, naye akapokea fedha alizohesabiwa. Hakujua kusoma mshale wa mizani, wala hakuruhusiwa kusogea karibu. Kiasi cha mwaka 1950 wakulima wa kanda hii walifanya jambo dogo lenye akili kubwa. Walichanga fedha, wakaajiri vijana wao waliosoma, wakawaweka kwenye vituo wapime upya pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Hawakuchoma ghala la mtu. Walitaka tu pawepo jicho lao mbele ya mshale.

Kutokana na wapimaji hao ilizaliwa jumuiya ya wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, chini ya kijana Paul Bomani, na mwaka 1955 muungano mkuu wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa herufi VFCU. Herufi ya kwanza, msomaji, ni ya malkia yule yule wa Speke. Lakini malkia safari hii alifanya kazi ya wakulima. Kabla muongo ule haujaisha, pamba ya kanda hii ilikuwa ikipita katika mikono ya ushirika.

Hapa ndipo uso wa pili wa Mwingereza unapoonekana. Bomani alikuwa amekwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, na elimu aliyoikuta huko haikubuniwa na magavana. Ilianzia Rochdale, mji wa wafumaji katika jimbo la Lancashire, tarehe 21 Desemba 1844. Watu 28 kama inavyosimuliwa, wengi wao mafundi wa kufuma, walikuwa wamechanga pauni moja moja, tena kwa senti za kila juma. Wakafungua duka katika kichochoro, na bidhaa zao zilikuwa unga, siagi, sukari, uji wa shayiri na mishumaa michache. Enzi hizo wenye maduka walichanganya unga na chokaa na kupunja vipimo. Wale wafumaji waliapa kuuza unga safi kwa vipimo kamili, na kugawana faida kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua. Wakaweka sharti kwamba kila mwanachama, awe na hisa nyingi au chache, mwanamume au mwanamke, ana kura moja.

Tuupime uzito wa sharti hilo. Mwaka ule wa 1844 wengi wa wafumaji hao hawakuwa na haki ya kumchagua mbunge. Sheria ya mwaka 1832 ilikuwa imewapa kura watu wa mijini wenye nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka, na fundi wa kufuma hakuwa nayo. Wenzao walipeleka maombi bungeni mwaka 1839 na tena 1842, yakiwa na sahihi za mamilioni, wakidai kura kwa kila mwanamume na usiri wa kura hiyo, na Bunge likayatupa. Kura ya siri haikupatikana mpaka 1872, na wanawake hawakupata kura sawa na wanaume mpaka 1928. Kwa hiyo mwanamke wa Rochdale aliweza kupiga kura juu ya bei ya unga miaka 84 kabla hajalingana na mumewe katika kuchagua serikali.

Nikalinganisha na kwetu. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa, kisha achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkulima wa Magu hakuwa na pauni 150. Lakini katika chama chake cha msingi alikuwa na kura yake moja, kama yule fundi wa Rochdale. Waliokuwa wakituambia hatujakomaa kujitawala ni wajukuu wa wale waliowaambia wafumaji wao maneno hayo hayo.

Serikali haikuliona hilo mapema. Mwaka 1954 ilikataa kuiandikisha TANU katika Usukuma, na zuio likakaa hadi 1958. Ushirika, kwa kuwa ulikuwa kitu cha Kiingereza na cha biashara, ukaachwa. Watu wakajifunza humo kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kukagua hesabu na kumwondoa kiongozi bila kumpiga mawe. Na mshairi hakukosekana. Saadani Abdu Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa katibu wa chama cha Waafrika, TAA, katika Jimbo la Ziwa, naye ni miongoni mwa walioiasisi TANU Julai 1954. Kitabu chake *Mwito wa Uhuru* kilitoka 1961. Alijua mizani zote mbili, ya ubeti na ya ghala. Serikali ilipojaribu mwaka 1958 kuweka halmashauri ya mseto wa mataifa huko Geita bila ridhaa ya watu, maelfu walikataa, wakaandamana hadi Mwanza, wakatawanywa kwa moshi wa machozi. Mwishowe serikali ndiyo iliyorudi nyuma.

Laiti hadithi ingekomea hapo, tungeimba tu. Baada ya Uhuru, watemi waliondolewa kisheria mwaka 1963, na wachache waliwalilia. Lakini ushirika nao ulianza kuota kutu kwa ndani. Viongozi wengine walijifunza kupunja kama waliowapunja, na mwaka 1966 iliundwa tume ya kuchunguza vyama. VFCU ikavunjwa, mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikafutwa kwa amri, mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Mwenye pamba akasimama tena mbali na mshale, safari hii mbele ya karani wa serikali yake mwenyewe. Sheria ya 1982 iliruhusu ushirika kurudi, ila kitu kilichoamriwa kufa na kuamriwa kufufuka si kile kilichozaliwa na wapimaji wa 1950. Cameron alimwambia Msukuma, tunakujengea utawala wako, tuamini. Sisi wenyewe tukamwambia vivyo hivyo kwa Kiswahili fasaha zaidi.

Marehemu baba yangu aliyapitia yote hayo akiwa na shamba la ekari tano. Miaka ya 1990 biashara ya pamba ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakarudi, alipima gunia nyumbani kwa mizani ya jirani mwenye duka, likawa kilo 62. Kwa mnunuzi likawa 57. Hakugombana. Aliokota jiwe la matale la pale kwetu, akalipeleka kwenye mizani tatu tofauti hadi akaridhika kwamba lina kilo 20, akalipaka rangi nyeupe. Tangu msimu ule alikwenda mnadani na jiwe lake juu ya mkokoteni, na kabla gunia lake halijatundikwa aliomba jiwe litundikwe kwanza. Wanunuzi wengine walicheka na kukubali. Mmoja alikataa, na baba aliigeuza mikokoteni yake miwili na kurudi nayo nyumbani, pamba yote.

Sitamfanya malaika. Majirani zetu wengine walitia mchanga na maji katika pamba ili izidi uzito, na siku moja alinikuta nami nikifanya hivyo. Hakunipiga. Alinituma nilibebe jiwe kutoka mlangoni hadi kisimani na kurudi nalo, kisha akaniuliza kama limepungua.

Jiwe lile lipo hadi leo. Rangi imebanduka, tunalitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo wa ziwa. Wajukuu zake hulikalia wanapofunga viatu vya shule, nami kila nikihesabu silabi za mshororo kwa vidole, jicho langu hulipitia.