Nani Anahesabu Baiskeli Zetu?

Barabara hujengwa kwa hesabu. Magari huhesabiwa, kisha lami hutandikwa. Lakini baiskeli inayoingia Singida mjini alfajiri, gunia la mkaa likiwa juu ya keria, huhesabiwa na nani?

Zamani ilihesabiwa na mtoza ushuru. Wazee wanaikumbuka leseni ya baiskeli: unalipa, unapewa kibati, unakifunga kwenye chombo chako. Asiye nacho aliingia mjini kwa njia za panya. Daftari lile lilijua kwamba una baiskeli. Halikujua unakwenda nayo wapi. Sensa za mwaka 2002 na 2012 nazo ziliuliza kama kaya ina baiskeli, basi.

Kuhesabu safari zenyewe kulijaribiwa miaka ya 1990, katika mradi uliosimamiwa na mpango wa uchukuzi wa Benki ya Dunia kwa ajili ya Afrika. Miji ya majaribio ilikuwa Dar es Salaam na Morogoro, na kwa jirani zetu Nairobi na Eldoret. Waenda kwa miguu na wapanda baiskeli waliulizwa adha zao, na vikajengwa vivuko vilivyoinuliwa ili madereva wapunguze mwendo, watake wasitake. Singida haikuwamo.

Siku hizi kuna simu. Kampuni ya Strava, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ina programu ambayo mpanda baiskeli huiwasha, na setilaiti zikaonyesha kila kona aliyopita. Jimbo la Oregon lililipa dola 20,000 kupata takwimu hizo za mwaka mmoja, ili lijue wapanda baiskeli wanapita wapi na wanakwepa wapi. Mwaka 2020 kampuni ikaamua kuwapa wapangaji wa miji takwimu hizo bure. Kwa mhandisi, hiyo ni neema.

Sasa tazama lililotokea Januari 2018. Kampuni hiyo ilikuwa imetoa ramani ya dunia yenye kuonyesha kwa mwanga mahali ambapo wateja wake hupita. Huko Syria na Afghanistan ramani ilikuwa giza, isipokuwa vimichoro vichache viliving'aa: askari wa kigeni wakikimbia mazoezi kuzunguka kambi zao. Dunia ilishtushwa na siri za kijeshi kufichuka. Mimi nilishtushwa na lile giza. Wenyeji wa nchi hizo nao walikuwa wakienda sokoni kila siku, na ramani haikuwaona.

Mtu akiifungua ramani ya namna hiyo kupanga mji wetu, ataona wanamichezo wachache kwenye lami ya kwenda Dodoma. Mama mwenye madumu ya maji, fundi mwenye msumeno na kijana wa mkaa hawatakuwamo, kwa kuwa simu zao ni za kupiga na kupokea tu, na chaji yenyewe ni ya kununua. Mhandisi atasema, kwa takwimu mkononi, kwamba Singida haina wapanda baiskeli.

Wataalamu makini huisahihisha simu kwa kuweka watu wa kuhesabu barabarani. Hilo tunaliweza. Kijana mmoja mwenye daftari na kalamu asimame barabara ya Ilongero, mwingine ya Sepuka, wengine za Dodoma, Babati na Nzega, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, kwa wiki moja ya kiangazi na moja ya masika. Daftari hizo zifike mezani kwa mhandisi wa barabara kabla bajeti ya barabara haijapitishwa.